Laptopu Ikiamka Bila Mtandao, Usikimbilie Kupiga Windows

Mzee alikuwa ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, kama mtu aliyepakata trei ya mayai ndani ya daladala. Asubuhi nilikuwa nimemchapishia mjukuu wake fomu ya maombi ya mkopo wa chuo. Wakatoka nayo hapa Kihesa, kwanza kwa mtendaji kugongewa muhuri, kisha mjini kwa wakili kugongewa mwingine, na sasa saa tisa alasiri wamerudi, viatu vyekundu kwa vumbi la Iringa, ili nizipige skani zile kurasa na kuzipandisha kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Cheti cha kuzaliwa cha kijana kilishahakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kilichobaki kilikuwa kazi ya dakika kumi.

"Kamwene," mzee akanisalimu. Nikaitikia, nikamvutia benchi.

Umeme ulikuwa umekatika saa sita, na sasa ulikuwa umerudi. Mimi hapa steshenari umeme ukienda, jambo la kwanza ni kufunga laptopu ilale, betri isiishe bure wakati hakuna mteja. Sasa nikaifungua. Kioo kikawaka papo hapo, kila kitu kiko pale nilipokiacha, hata ile barua ya mtu ya kuomba kazi bado imefunguka nusu. Lakini kule chini pembeni, mahali pa alama ya Wi-Fi, palikuwa na tufe la dunia lenye alama ya kukatazwa. Nikabofya, jina la ruta yangu likaonekana, pembeni yake limeandikwa kwamba hakuna intaneti.

"Mwanangu, mtandao umegoma?"

"Unakuja, babu. Nipe dakika mbili."

Nikazima laptopu, nikaiwasha. Tufe lile lile. Nikazima tena, nikawasha tena. Kijana akawasha hotspoti ya simu yake, bando lake mwenyewe, nikajaribu kuunganisha huko, ikagoma. Wakati huo simu yangu iko kwenye ruta yangu na WhatsApp zinaingia mfululizo. Mara ya tatu nikabofya Restart badala ya Shut down, kwa kukata tamaa tu, na ilipowaka mtandao ulikuwepo. Saa ilikuwa imetimia kumi na robo. Mzee hakusema neno la kulaumu, alikaa akiitazama ile bahasha mapajani mwake. Wamepanda gari la kurudi kijijini kwao likiwa karibu kuondoka, na mimi nikabaki na uchungu ambao sikuwa nimewahi kuupata kwa ajili ya mashine. Mtu ametembea siku nzima kutafuta mihuri miwili, halafu anakwamia kwangu.

Jioni ile niliamua kwamba tatizo hili nitalitafuta mpaka nilijue. Naandika nilivyolitafuta, kwa sababu najua steshenari nyingi na wanafunzi wengi wanaishi nalo wakidhani ndiyo tabia ya laptopu za mtumba.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeshapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza aliishika, akaigeuza, akasema kadi ya Wi-Fi imekufa, nilete shilingi 35,000 abadilishe. Wa pili hakuifungua hata kifuniko: "Dada, hiyo piga Windows tu. Elfu kumi na tano, kesho unachukua."

Hapo kwenye kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, naomba nisimame kidogo. Mwaka juzi binti mmoja wa mwaka wa tatu alikuja kwangu analia. Laptopu yake ilikuwa na ugonjwa kama huu huu wa kwangu, ikilala inaamka bila mtandao. Akaipeleka kwa fundi, fundi akapiga Windows, akafuta sehemu ya C yote bila kumuuliza kuna nini kwenye Desktop. Kulikuwa na ripoti yake ya utafiti, sura nne, na majibu ya madodoso aliyokuwa ameyaingiza moja moja kwa wiki tatu. Sura mbili za kwanza tulizipata kwa sababu aliwahi kuzichapisha kwangu kwa ajili ya msimamizi wake, na ile nakala ilikuwa imejaa wino mwekundu wa masahihisho. Tulikaa usiku tatu tukizichapa upya. Sura ya tatu na ya nne aliandika kwa kukumbuka. Na madodoso, bahati makaratasi alikuwa nayo, aliyaingiza tena yote. Wiki moja baadaye laptopu ililala, ikaamka, mtandao haupo. Ugonjwa ulikuwa pale pale.

Kwa hiyo mtu akiniambia "piga Windows" kabla hajaangalia chochote, mimi namwogopa.

Nilianza na daftari. Lile la kaunta la kuandikia madeni ya fotokopi, nikafungua ukurasa wa nyuma na kuandika kila mara laptopu ilipolala: imelala saa ngapi, imeamka saa ngapi, mtandao upo au haupo. Siku tisa. Ilipolala chini ya dakika kumi hivi, iliamka vizuri kila mara. Ilipolala saa nzima au zaidi, mara kumi na moja kati ya kumi na nne iliamka bila mtandao. Hilo peke yake lilinifungua macho. Kadi iliyokufa haichagui muda. Kitu kinachofanya kazi saa 24 ukikiacha macho, na kinaharibika tu ukikilaza sana, hakijafa.

Halafu nikajifunza kufuatilia njia. Maji yakikatika nyumbani huanzi kuchimba barabara. Unaangalia bomba la jikoni, kisha koki ya nje, kisha unamuuliza jirani kama kwake yanatoka. Intaneti ni hivyo hivyo, na jirani wa kumuuliza kwanza ni simu yako. Ikiwa simu iko kwenye ruta ile ile na inafungua kurasa, ruta ni nzima, bando lipo, mnara upo. Utakuwa umeondoa nusu ya washukiwa bila kugusa laptopu.

Baada ya hapo unafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri (andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia) na kuandika:

ipconfig

Siku ya kwanza niliyoandika amri hiyo laptopu ikiwa katika ile hali yake, mbele ya anwani palikuwa na 169.254.37.112. Siku nzuri huwa 192.168.8.102. Nikaziandika zote mbili kwenye daftari, moja chini ya nyingine, nikaanza kuuliza hiyo 169.254 imetoka wapi.

Hadithi yake ni hii. Ruta haigawi anwani moja kwa moja, inakodisha. Kila kifaa kinachoingia kinabisha hodi, kinaomba anwani, kinapewa kwa muda maalumu, na muda ukifika nusu kinatakiwa kiombe kuongezewa. Utaratibu huo unaitwa DHCP, na maelezo yake yanayotumika mpaka leo yaliandikwa mwaka 1997. Laptopu ikilala haiwezi kuomba kuongezewa, lakini ikiamka inatakiwa iende mlangoni kwa mwenye nyumba na kuuliza: chumba changu bado kipo? Mwenye nyumba akijibu, maisha yanaendelea. Asipojibu kabisa, Windows inajipangia yenyewe anwani inayoanza na 169.254, kundi la anwani lililotengwa kwa ajili ya vifaa visivyopata wa kuvigawia. Ni mpangaji aliyejiandikia mkataba mwenyewe. Anaishi ndani, lakini hakuna anayemtambua.

Kwa hiyo ukiona 169.254, usihangaike na kivinjari, usifute historia, usiilaumu tovuti. Laptopu yako na ruta hazijasikilizana. Nikaandika:

ipconfig /renew

Ikazunguka karibu dakika nzima, ikarudi na jibu kwamba imeshindwa kuwasiliana na seva ya DHCP, ambayo hapa ni ruta. Ruta iko hatua mbili kutoka mkononi mwangu, taa zake zinawaka, simu inaitumia.

Ngazi zilizobaki kwangu hazikuwa na kazi, lakini nazitaja kwa ajili ya mwingine, maana kwa wengine njia hukatikia mbele zaidi. Ukiwa na anwani ya kawaida, piga ping, yaani amri ya kubisha hodi kwa kifaa kingine uone kama kinajibu, kwenye ruta (namba iliyoandikwa Default Gateway). Ikijibu, piga ping 8.8.8.8, anwani ya Google. Nayo ikijibu, piga ping kwa jina la tovuti yoyote unayoijua. Kama namba inajibu na jina halijibu, tatizo ni kutafsiri majina, na mara nyingi ipconfig /flushdns inatosha. Kama ruta inajibu na 8.8.8.8 haijibu, rudi uangalie bando.

Kwangu njia ilikatika pale pale mlangoni. Ndipo nikakumbuka jambo la siku ya yule mzee: nilizima na kuwasha mara mbili, haikusaidia, na Restart moja ikamaliza. Nilidhani ni bahati. Nikalijaribu kwa makusudi mara nne kwa siku nne, na kila mara ikawa vile vile. Kuzima hakuponyi, kuanzisha upya kunaponya.

Sababu ipo, na inapaswa kujulikana na kila anayetumia Windows. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibofya Shut down, programu zako zinafungwa, lakini kiini cha Windows pamoja na draiva zake, zile programu ndogo zinazozungumza na vifaa kwa niaba yake, hakifungwi. Kinaandikwa kwenye diski, katika faili la hiberfil.sys, na kesho ukiwasha kinasomwa kutoka pale ili mashine iwake haraka. Kwa hiyo draiva iliyokwenda kulala ikiwa imechanganyikiwa inaweza kuamka na kuchanganyikiwa kwake. Restart ndiyo inayoanza kila kitu kutoka sifuri. Ukitaka kuzima kabisa, shikilia Shift unapobofya Shut down.

Hiyo ikaniambia ugonjwa uko kwenye draiva ya kadi ya Wi-Fi. Nikataka kuhakikisha bila kusubiri Restart ya dakika nne. Nikafungua tena dirisha jeusi, safari hii kwa kubofya kitufe cha kulia na kuchagua kulifungua kama msimamizi, nikaandika:

netsh interface set interface name="Wi-Fi" admin=disabled
netsh interface set interface name="Wi-Fi" admin=enabled

Ya kwanza inaizima kadi, ya pili inaiwasha. Nikahesabu kwa mdomo. Moja, mbili, tatu... Nilipofika tisa alama ya Wi-Fi ikarudi, ipconfig ikaonyesha 192.168.8.102. Sekunde tisa. Kadi iliyotakiwa kubadilishwa kwa shilingi 35,000 ilikuwa nzima muda wote, imelala tu na hakuna aliyeiamsha vizuri.

Nyumbani kwetu zamani mama alikuwa hazimi jiko la mkaa usiku. Alifunika makaa kwa majivu, asubuhi anafukua, anapuliza kidogo, moto upo. Akimwaga maji ndio kuzima, na hapo kesho utaanza na kibiriti na mabaki ya mishumaa. Kulala kwa laptopu ni majivu. Karibu vifaa vyote vinakatiwa umeme, inabaki kumbukumbu ya RAM ikilishwa umeme kidogo ili kazi zako zisipotee. Sheria za nani azimwe na nani aamshwe ziliwekwa kwenye mwongozo unaoitwa ACPI, uliotolewa mwishoni mwa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, na ndio unaotumika hadi leo kwenye kompyuta tunazobeba. Kila kifaa kina ngazi zake za usingizi. Kadi ya Wi-Fi ikishushwa ngazi ya chini kabisa inasahau kila kitu: iko kwenye ruta gani, chaneli gani, funguo gani za siri. Mashine ikiamka, draiva inapaswa kuijaza upya yote hayo, kwa mpangilio na kwa wakati. Draiva ikiwa ya zamani, au haikuandikwa kwa ajili ya toleo la Windows lililowekwa baadaye, hatua moja inarukwa. Windows inaamini kadi iko macho. Kadi nayo haisikii chochote.

Hapo sasa ndipo kwenye dawa yenyewe, na ni tiki moja.

Bofya kitufe cha kulia juu ya alama ya Windows kule chini, chagua Device Manager. Fungua Network adapters. Utaona majina kadhaa, tafuta lenye neno Wireless au Wi-Fi, libofye mara mbili. Juu ya kidirisha kuna vichupo, chagua Power Management. Mstari wa kwanza umeandikwa "Allow the computer to turn off this device to save power". Maana yake: umeiruhusu kompyuta izime kifaa hiki ili kubana umeme. Tiki ipo. Iondoe. Bonyeza OK.

Niliiondoa siku ya Jumanne usiku, nikailaza laptopu, nikaenda kulala. Asubuhi saa moja na nusu, baridi ya Iringa ya mwezi wa saba unayoisikia kwenye mifupa, nikafungua kifuniko kabla hata sijavua koti. Baa za Wi-Fi zikajaa. Nikaandika ping 192.168.8.1, na majibu manne yakashuka moja baada ya jingine. Nilisimama pale pale kaunta nikiyatazama. Miezi mitano ya kuwaambia wateja "ngoja kidogo", na ilikuwa kisanduku kidogo kuliko punje ya mchele.

Gharama yake ipo na nisiifiche. Betri inaweza kuliwa zaidi kidogo. Kwangu sikuona tofauti ya kunisumbua, lakini mwenye betri iliyochoka aangalie.

Na usifanye hivyo ukadhani umemaliza milele. Baada ya kama miezi mitatu ugonjwa ukarudi, siku hiyo hiyo baada ya Windows kujisasisha. Nilifungua Device Manager mkono ukitetemeka, nikakuta tiki imerudi mahali pake. Usasishaji ulikuja na draiva mpya, na draiva mpya ilikuja na mipangilio yake ya kiwandani. Niliiondoa tena, halafu nikafanya nililopaswa kufanya tangu mwanzo: nikaenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, nikaandika namba ya toleo iliyoko chini ya mashine, nikapakua draiva ya Wi-Fi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo. Faili la draiva linahifadhiwa kwenye flashi pia. Siku utakapolihitaji huenda huna mtandao wa kulipakulia.

Kuna jambo moja ninalolipenda sana katika safari yote hii, na mafundi wachache ninaowajua wanalitumia. Windows inaandika shajara ya Wi-Fi yako bila kukuambia. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

netsh wlan show wlanreport

Inakutengenezea ukurasa na kukuonyesha uliko, unaufungua kwa kivinjari. Ndani kuna mchoro wa siku tatu zilizopita, na palipotokea kosa pana duara jekundu. Niliuchapisha wa kwangu, nikauweka kando ya daftari la madeni. Saa za maduara na saa zangu za kalamu zilifuatana, jioni kwa jioni. Tangu hapo mteja akiniletea laptopu yenye tatizo hili, naanza na ukurasa huo. Unamwonyesha mtu kwa macho yake kwamba mtandao unakatika mashine inapoamka, na hawezi tena kuambiwa aongeze bando.

Sasa, yule binti wa ripoti. Amemaliza chuo, anafundisha, na mwezi uliopita alikuja na laptopu mpya aliyoinunua kwa mshahara wake. Tatizo lile lile. Nikamwambia kaa hapa, dakika mbili. Nikafungua Device Manager kwa kujiamini, na kichupo cha Power Management hakikuwepo kabisa.

Nilirudi kwenye dirisha jeusi:

powercfg /a

Amri hii inaorodhesha aina za usingizi ambazo mashine inazijua. Yangu ya mtumba inaandika Standby (S3), ule usingizi wa majivu. Yake iliandika Standby (S0 Low Power Idle). Laptopu nyingi za miaka hii zimeachana na S3. Zinalala kama simu inavyolala: kioo kimezimika lakini ndani mashine inaamka amka kidogo, na nyingine hubaki kwenye mtandao kupokea barua pepe. Kwenye mashine za aina hiyo Windows inasimamia usingizi wa kadi yenyewe, na mara nyingi kile kichupo kimefichwa. Kwa hiyo hakuna tiki ya kuondoa.

Tulifanya mambo mawili. Draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji kwanza, ikapunguza tatizo ila haikulimaliza. Kisha tukabadili kinachotokea anapofunga kifuniko: Control Panel, Power Options, mahali pa kuchagua kazi ya kifuniko, tukaweka Hibernate badala ya Sleep. Kama Hibernate haionekani, powercfg /hibernate on inaileta. Hapo kumbukumbu yote inaandikwa kwenye diski na mashine inazimika kweli, haili betri, na ikiwashwa kadi inaamshwa kwa utaratibu mwingine. Inachukua sekunde nyingi zaidi kuamka. Kwake ni kama ishirini hivi. Akasema sekunde ishirini anazo.

Wanaotumia modemu ya USB nao wanalo hili, na mimi niliwahi kulipata kabla sijanunua ruta: laptopu inaamka, modemu taa yake haiwaki mpaka uichomoe na kuichomeka upya. Huko kwenye Power Options, mipangilio ya ndani, fungua USB settings, kuna USB selective suspend. Iweke Disabled. Na kule Device Manager, kila palipoandikwa USB Root Hub, kuna tiki ile ile ya kubana umeme.

Kwa wasiotumia Windows bali Linux, mwalimu mmoja anayechapisha mitihani kwangu ana Mint, mojawapo ya aina za Linux. Kwake tulianza na sudo systemctl restart NetworkManager, mtandao ukarudi. Kisha tukafungua faili la /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, palipoandikwa wifi.powersave = 3 tukaweka 2, ambayo maana yake ni usibane umeme wa Wi-Fi. Hajarudi kulalamika.

Ukiipeleka kwa fundi baada ya yote haya, na wapo mafundi wazuri, mwambie kwa kinywa chako: usifute kitu mpaka nihamishe kazi zangu. Muulize ameona anwani gani kwenye ipconfig. Muulize kama kuzima kadi na kuiwasha kunarudisha mtandao. Akishindwa kujibu hayo mawili, chukua laptopu yako.

Yule mwalimu wetu aliondoka Ijumaa jioni. Jumatatu saa mbili kasoro nikiwa nafagia mlangoni, simu ikalia. Alikuwa ametuma picha ya kioo chake, nyuma yake ubao wa darasa, pembeni chini baa za Wi-Fi zimejaa zote. "Dada, imelala tangu jana mchana. Imeshika yenyewe." Nikafungua daftari la madeni, ukurasa wa nyuma, nikamwandika.